Jicho la Babu

Likizo iliyopita babu yangu alinipa gazeti nimsomee. Alisema ya kuwa asubuhi moja jicho lake la kulia liliingia ukungu ghafula, wala haliumi. Sisi nyumbani tulidhani ni uzee tu. Kumbe sivyo.

Nyuma ya jicho pana utando uitwao retina, nao hupokea mwanga. Ateri huuletea damu, na vena huirudisha moyoni. Mishipa hii inapopitana hushikana ndani ya ala moja. Basi mtu akiwa na presha kwa miaka mingi, ateri hukakamaa na kuibana vena. Damu huganda, na njia huziba. Ni kama mfereji wa shamba ulioziba: maji hurudi nyuma yakafurika kando. Vivyo hivyo damu na majimaji huvuja ndani ya retina. Yakifika makula, yaani kile kisehemu cha katikati tunachosomea na kutambulia nyuso, huvimba, na mtu huona kiwaa.

Siku hizi daktari wa macho huweza kuchoma sindano ya dawa ndani ya jicho ili kupunguza uvimbe, naye huirudia mara kwa mara. Lakini babu tulimpeleka baada ya miezi mingi. Presha yake ilikuwa juu, na gazeti hawezi kulisoma kwa jicho hilo tena.

Wenzangu, mzee akiwaambieni jicho moja limefifia ghafula, msingoje. Mpelekeni upesi, apimwe na presha na kisukari. Babu sasa humeza dawa kila siku, ili alilinde jicho lililobaki.