Kabla ya Kununua Nyumba ya Kuku

Somo letu la leo ni juu ya nyumba za kuku zinazouzwa zikiwa tayari, zile mnazoziona zimepangwa kando ya barabara kwa mafundi wa jua kali, zimepakwa rangi ya kijani na kuezekwa mabati yanayong'aa. Vikundi vingi vinazipenda kwa sababu hakuna kusumbuana na fundi, hakuna kununua misumari kilo kwa kilo, wala kungoja mbao zikauke. Unalipa, unapakia kwa pikapu, na jioni hiyo hiyo kuku wamelala ndani. Hilo ni jambo jema. Lakini pesa hizo ni za watu 15 au 20 waliozitoa wiki baada ya wiki, na nyumba ikishafika nyumbani hakuna fundi atakayeirudisha.

Nitawaeleza niliyoyaona kwa kikundi kimoja cha akina mama huku magharibi mwa Kenya. Walinunua nyumba nzuri sana kwa macho. Muuzaji aliwaambia, "Mama, hii ni ya kuku hamsini, ata sitini wataingia." Na kweli waliingia. Kuku 50 waliingia, mlango ukafungwa, watu wakapiga makofi. Mwezi haukuisha kabla kuku hawajaanza kudonoana manyoya ya mkiani mpaka damu. Sakafu ilikuwa maji maji, na ukifungua mlango asubuhi macho yanawasha. Halafu usiku mmoja kicheche akapita kwenye waya na kuua kuku 9. Hakula hata 2. Wale akina mama walianza kulaumiana: nani aliyekwenda kununua, nani aliyesahau kufunga. Nilipochukua tepu na kupima, nyumba ilikuwa futi 6 kwa futi 4. Kosa lilianza siku ya kununua, kwa kuwa hakuna aliyepima.

Hesabu ya futi

Muuzaji huhesabu kuku wanaoweza kuingia. Wewe hesabu kuku wanaoweza kuishi. Chukua tepu, pima urefu na upana wa sakafu kwa ndani (si kwa nje, maana mabati hutokeza), kisha zidisha. Futi 6 mara futi 4 ni futi 24 za mraba. Kuku wa kienyeji anayetoka nje mchana kutwa na kurudi kulala tu anahitaji karibu futi 1 ya mraba. Kwa hiyo nyumba ile ni ya kuku 24. Kama mnataka kuwafungia mchana na usiku, kwa mfano kwa sababu jirani amelima mboga, kila kuku apate angalau futi 2, na ikiwezekana zaidi, pamoja na ua wa waya wa kutembelea. Basi hapo nyumba ile ile ni ya kuku 12. Angalieni vizuri: kutoka 50 hadi 12, na nyumba ni moja!

Tazama pia miti ya kulalia. Kuku hulala juu, hilo kila mtoto wa kijijini analijua. Kila kuku anataka inchi 8 hivi za mti. Mti wa futi 6 una inchi 72, kwa hiyo unabeba kuku 9, na miti 3 inabeba 27. Mnaona hesabu inakaribiana na ile ya sakafu. Ukikuta nyumba ya "kuku hamsini" ina mti mmoja tu, umeshajua huyo fundi hajawahi kufuga. Mti uwe mnene kama inchi 2, na kona zake zimelainishwa ili usiumize nyayo. Uwe pia juu kuliko viota, kwa sababu kuku hupenda kulala mahali pa juu kabisa, na viota vikiwa juu watalala humo na kuchafua mayai.

Viota vyenyewe ni futi 1 kila upande, kimoja kwa kuku 4 au 5, mahali penye giza kidogo. Nyumba nyingine zina viota vilivyotokeza nje vyenye kifuniko, unaokota mayai bila kuingia ndani. Mimi navipenda hivyo, kwa sababu havili nafasi ya sakafu. Lakini hakikisha kifuniko kina komeo. Kifuniko kisichofungwa ni mlango wa wezi, wale wa miguu 2 na wale wa miguu 4.

Waya

Hapa ndipo mafundi wengi hupunguza gharama, na ndipo nyumba nyingi hushindwa. Ule wavu wa kawaida wa kuku, wenye matundu makubwa ya pembe sita, unaweza kumzuia kuku asitoke. Hauwezi kuzuia adui asiingie. Panya hupita, nyoka hupita, nguchiro mdogo hupita, na mbwa akiuma na kuvuta unararuka. Waya mzuri ni ule mgumu wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, kama ule wanaoutumia wakulima kwenye meza za kuanikia kahawa. Kipimo chake ni rahisi: jaribu kupitisha kidole gumba. Kikipita, usinunue, au bei ipunguzwe ili mbadilishe waya wenyewe.

Kisha shika waya kwenye ukingo na uvute kwa nguvu. Usimwonee muuzaji haya. Kama umefungwa kwa misumari midogo iliyopindwa tu, utang'oka mkononi mwako, na kicheche ana subira kuliko wewe. Unatakiwa kushikiliwa na misumari ya herufi U iliyo karibu karibu, na juu yake ubao mwembamba wa kuubana. Angalia mahali ambapo ukuta unakutana na paa. Mara nyingi pale pana mwanya ambao hakuna aliyeufikiria. Mlango uwe na bawaba 2 au 3 za chuma, si vipande vya ngozi ya viatu, na uwe na mahali pa kufuli.

Hewa

Fungeni mlango mtazame ndani. Kama ndani ni giza tupu, nyumba hiyo haina hewa. Watu wengi wanafikiri kuku huuawa na baridi, basi wanataka nyumba iliyozibwa kama sanduku. Kuku mkubwa ana koti lake la manyoya. Kinachomuumiza ni unyevu na ile harufu kali ya kinyesi inayowasha macho na kuharibu mapafu, halafu anaanza kukoroma. Sehemu ya juu ya kuta angalau 2 zinazotazamana iwe waya mtupu, na sehemu ya chini iwe mbao ili upepo usiwapige wakiwa wamelala. Wenzetu wa Limuru na Kinangop, ambako usiku ni baridi kweli, wanaweza kushusha gunia upande wa upepo na kuacha upande mwingine wazi. Walio Kisumu au pwani wafungue zaidi, kwani huko shida ni joto. Mabati yakiwa karibu sana na vichwa vya kuku, mchana ndani huwa kama jiko. Tandikeni nyasi juu yake.

Mkiiweka, urefu wa nyumba uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi tu.

Mbao, miguu na mabati

Haya nitayapitia haraka. Nyumba ndogo za kununua karibu zote zina miguu, na ni vizuri ziinuliwe futi 2 au zaidi kutoka chini. Uliza miguu imepakwa dawa gani ya mchwa. Ukiambiwa "rangi", ujue haijapakwa kitu. Rangi haizuii mchwa. Kipande cha bati kilichokatwa kama sahani na kuvishwa kwenye kila mguu kitazuia panya kupanda, na mkebe wenye oili chafu chini ya mguu utazuia siafu. Kwenye mabati kumbuka kwamba namba ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30. Tikiseni nyumba kwa mikono. Ikiyumba pale kwa fundi, je, baada ya kurushwa kwa pikapu kwenye barabara yetu hii?

Swali la nani atafagia

Hili ndilo nataka mlikumbuke mkiwa pale barabarani. Fungua mlango, ingiza mkono, jaribu kugusa kona ya mwisho. Hufiki? Basi hata ufagio hautafika, na kona ile itajaa kinyesi mpaka siku ya mwisho. Nyumba ambayo ni vigumu kuisafisha haisafishwi; tusidanganyane. Tafuteni yenye mlango mpana, au ukuta mmoja unaofunguka wote, au sakafu inayovutwa nje kama droo. Nyingine zina sakafu ya vipande vya mbao vilivyoachana karibu inchi 1, kinyesi kinaanguka chini na mnakizoa kwa mboga. Ni nzuri kwa kuku wakubwa, ila vifaranga msiwaweke humo, miguu yao itanasa. Kama sakafu ni mbao tupu, tandazeni takataka za randa kutoka kwa seremala, kama inchi 3, na mzibadilishe zikilowa.

Ikiwa ni ya mkono wa pili

Bei huwa nzuri, lakini uliza kwanza: kuku wa mwenyewe wako wapi? Akijibu "walikwisha wote", ondokeni polepole. Pia utitiri hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na kutoka usiku kunyonya damu. Pitisha kisu kwenye ufa ulio karibu na miti ya kulalia, kisha utazame ncha yake. Mkiamua kununua, iosheni yote kwa sabuni na maji mengi, ianikeni juani, pakeni chokaa, nyunyizeni dawa ya utitiri kwenye kila ufa, na iachwe tupu angalau wiki 2. Lakini hata nyumba mpya kabisa haizuii kideri, yaani Newcastle. Hiyo inazuiwa na chanjo kila baada ya miezi 3, basi wekeni pesa ya chanjo kando kabla hamjamaliza zote kwa mbao.

Itakaa kwa nani?

Nimeona vikundi vikivunjika kwa jambo hili kuliko kwa kicheche. Nyumba inawekwa nyumbani kwa mwenyekiti, baada ya miaka 2 watoto wa mwenyekiti wanasema ni ya mama yao. Andikeni kwenye kitabu cha mikutano, kabla ya kununua: nyumba ni ya kikundi, itakaa kwa fulani, mayai yatagawanywa hivi, na kinyesi, ambacho ni mbolea ya pesa, kitachukuliwa na nani. Wote watie sahihi au kidole. Siku ya kununua waende watu 3, mmoja wao awe yule atakayefagia, na risiti iandikwe jina la kikundi. Kabla ya kwenda, muulizeni fundi wa kijijini kwenu angetaka pesa ngapi kwa kipimo hicho hicho na waya huo huo. Msisahau kuongeza nauli ya pikapu kwenye ile ya barabarani. Wakati mwingine ya barabarani ni rahisi kweli. Wakati mwingine mnalipia rangi.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao

1. Pimeni nyumba moja ya kuku iliyo karibu nanyi, kwa ndani. Je, ni ya kuku wangapi wanaotoka nje mchana? Na wakifungiwa? Wamo wangapi sasa?

2. Jaribuni kidole gumba kwenye waya wake, na mtafute mianya chini ya paa.

3. Wenzetu wale wa nyumba ya futi 6 kwa 4 walibaki na kuku 41. Hawana pesa ya nyumba ya pili mpaka mavuno. Mngewashauri wauze wangapi, na waanze kurekebisha nini kwanza?