Kabla ya kufunga giaboksi otomatiki

Land Cruiser 80 ikitoka Ruziba, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ikapanda mlima hadi Bugarama na mzigo, oili ya giaboksi huchemka. Chomoa kijiti cha kupimia oili, inuse: ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, klachi zimekwisha, kumwaga oili mpya hakutaziokoa.

Ukifungua A442F, giaboksi ya gari hilo, piga picha kila kigololi cha valvu bodi kabla hujakigusa. Diski mpya za klachi usizifunge kavu kamwe. Ziloweke kwenye oili angalau nusu saa. Kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta ndicho mafundi wengi husahau: unga wa chuma hubaki humo, ukaua giaboksi uliyoitengeneza jana. Kibadilishe.

Wakati wa kufunga, toki konveta izungushe huku ukiisukuma mpaka ikae yenyewe kwenye pampu. Ukiivuta kwa boliti, utavunja pampu.