Kipande Kimoja kwa Kurasa Zote

Wanafunzi wa sasa na wa zamani,

Katika gazeti letu mmezoea kusoma habari za michezo, safari na mashairi. Leo nataka kuwaeleza kazi ninayoifanya, yaani kutunza tovuti, na hasa jambo moja ambalo wengi wanaoanza kazi hii hulidharau: namna ya kutumia kipande kimoja katika kurasa nyingi pasipo kukiandika tena na tena.

Kila tovuti ina vitu vinavyorudi katika kila ukurasa. Juu kuna jina la shule na orodha ya sehemu zake; chini kuna anwani, simu ya ofisi na namba ya kulipia karo. Chukueni mfano wa tovuti yenye kurasa 60. Mwandishi akiinakili namba ya karo katika kila ukurasa, namba hiyo imekaa mahali 60. Siku itakapobadilika, hapana budi airekebishe mara 60. Akisahau ukurasa mmoja tu, mzazi aliye mbali aweza kuufungua huo huo. Atatuma fedha kwa namba ya zamani, ambayo pengine sasa ni ya mtu mwingine, na mtoto atarudishwa nyumbani hali mzazi amekwisha lipa. Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naona ya kuwa madaftari 60 yasiyopatana hayana nafuu.

Njia zilizotangulia

Tatizo hili si geni. Tovuti ya kwanza duniani ilitangazwa mwaka 1991 na Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, na haukupita muda mrefu watu wakaanza kutafuta dawa yake.

Dawa ya kwanza ni kuiachia seva kazi. Mwandishi huweka mguu wa ukurasa katika faili moja, na seva huuunganisha na kila ukurasa kabla ya kuupeleka kwa msomaji. Lugha ya PHP, aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, hufanya hivyo kwa amri moja fupi.

Dawa ya pili ni programu za kusimamia tovuti, kama vile Moodle iliyotoka mwaka 2002 na WordPress iliyotoka mwaka 2003. Kila moja ina kiolezo chake, na ukibadili kiolezo, kurasa zake zote hubadilika. Njia hizi mbili ni nzuri, wala siwakatazi kuzitumia. Ikiwa tovuti yenu yote imo katika programu moja, tumieni kiolezo chake, kazi imekwisha.

Lakini shule nyingi hazina programu moja. Habari ziko katika WordPress, masomo yako katika Moodle, na pembeni kuna kurasa za zamani zilizoandikwa kwa mkono na mwalimu aliyekwisha hama. Kiolezo cha WordPress hakifai kitu katika Moodle. Basi mnarudia shida ile ile: miguu mitatu, na kila mmoja una namba yake.

Kinachounganisha zote

Hapa yafaa tujiulize: kurasa hizi zina shirika gani? Jibu ni kwamba zote, zitoke wapi zitokako, hufika katika kivinjari cha msomaji zikiwa HTML. Kwa hiyo tukikifundisha kivinjari chenyewe kukitambua kipande chetu, hatutajali ni programu gani iliyoutengeneza ukurasa.

Vivinjari vinaturuhusu kutunga tagi zetu wenyewe. Tangu Januari 2020 Chrome, Firefox, Safari na Edge zote zinaweza. Sharti moja ni kuwa jina la tagi liwe na kistari katikati, ili lisigongane na tagi za HTML yenyewe. Faili letu, tuliite shule.js, laweza kuwa hivi:

class MguuWaShule extends HTMLElement {
  connectedCallback() {
    this.innerHTML = "<p>Simu ya ofisi na namba ya karo</p>";
  }
}
customElements.define("mguu-shule", MguuWaShule);

Mstari wa mwisho hukiambia kivinjari: ukiikuta tagi ya mguu-shule, fuata maagizo haya. Palipoandikwa connectedCallback ndipo penye kazi itakayofanyika tagi ikisha kuingia katika ukurasa. Kisha katika ukurasa wenyewe tunaandika mistari miwili tu:

<script src="/vipande/shule.js" defer></script>
<mguu-shule><a href="/anwani.html">Anwani ya shule</a></mguu-shule>

Mistari hii huwekwa mara moja katika kiolezo cha WordPress, mara moja katika mahali ambapo Moodle humruhusu msimamizi kuongeza HTML yake, na katika kila ukurasa wa mkono. Ikiwa Moodle iko kwenye jina jingine la tovuti, andikeni anwani kamili ya faili na ya kiungo. Msiiweke mistari hii ndani ya habari moja moja, maana WordPress huzichuja tagi za namna hii zikiandikwa na mtu asiye na ruhusa ya kutosha. Tangu siku hiyo, namba ikibadilika mtahariri faili moja.

Mambo ya kuangalia

La kwanza, mtandao ukiwa dhaifu faili la JavaScript laweza lisifike. Ndiyo maana nimeweka kiungo ndani ya tagi: faili lisipofika, msomaji hukiona kiungo hicho, likifika, kiungo hutoweka na mguu kamili huonekana. Lakini angalieni sana, msiweke namba ya karo ndani ya tagi. Mkiiweka, mmekwisha rudi kwenye namba 60.

La pili, kivinjari hupenda kuhifadhi nakala ya faili ili kisilipakue tena. Mnaweza kubadili namba leo na mzazi akaendelea kuiona ya jana. Wengine hubadili jina la faili kila mara, lakini kwa njia hiyo lazima mpite tena katika kurasa zote. Ni heri kuiagiza seva iandike Cache-Control: no-cache kwa faili hilo. Maana yake si kukataza nakala, bali kivinjari kiulize kwanza kama nakala yake ingali sahihi.

La tatu, nguvu ya njia hii ndiyo hatari yake. Kosa moja katika faili huonekana kila ukurasa, na mwenye ufunguo wa faili hilo aweza kuandika namba yake mwenyewe ya karo mbele ya wazazi wote. Kwa hiyo liwekeni katika seva yenu wenyewe, ufunguo wapewe watu wachache, na kila badiliko lisomwe na mtu wa pili kabla ya kutolewa.

Maswali

1. Kwa nini tagi ya kujitungia hufanya kazi katika WordPress na Moodle pia, hali kiolezo hakiwezi?

2. Tovuti ina kurasa 20, zote katika WordPress. Je, mtachagua njia gani, na kwa sababu gani?

3. Fungueni tovuti yo yote ya shule mnayoijua. Tafuteni namba ya simu katika kurasa tano. Zikitofautiana, msichekelee, mwandikieni Mwalimu Mkuu barua ya adabu kumwarifu, kabla mzazi hajatuma karo.