Malkia Eleni: Hakuzaa, Lakini Aliitwa Mama

Wapendwa wenye ndoa,

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloumiza nyumba nyingi kimya kimya. Mlifunga ndoa takatifu, watu wakaimba na kushangilia. Mwaka ukapita, ukafuata wa pili, sasa ni wa tano, na bado hamjapata mtoto. Mke akitoka Misa pale Consolata, Westlands, wapo wanaomtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Mume naye akienda nyumbani mashambani wakati wa Krismasi, wazee humwita kando na kumwuliza, "Wewe unangoja nini?" Wengine hawaoni haya kumshauri atafute mwanamke mwingine "wa kumzalia tu".

Je, nyumba isiyo na mtoto ni nyumba tupu? Je, mke asiyezaa ni nusu ya mke? Kabla ya kujibu, tusikilize habari za malkia mmoja aliyeishi zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Hakuwa wa Ulaya. Alikuwa jirani yetu wa kaskazini, kule Ethiopia, nchi ambayo watu wa pwani waliiita Uhabeshi, na ambayo wenyeji wake wengi tunaishi nao hapa Nairobi. Jina lake ni Eleni.

BINTI WA HADIYA

Eleni alizaliwa katika karne ya 15 huko Hadiya, upande wa kusini wa Ethiopia. Watawala wa Hadiya walikuwa Waislamu, nao walilipa kodi kwa mfalme Mkristo. Baba yake, Mohamed, alikuwa mmoja wa watawala hao. Siku zile wafalme walizoea kutia nguvu mapatano yao kwa kuozana, na ndivyo binti huyu alivyopelekwa katika jumba la mfalme Zara Yaqob, aliyetawala tangu mwaka 1434 hadi 1468. Akabatizwa, akapewa jina la Eleni, yaani Helena, jina la mama yake mfalme Konstantino.

Hebu fikiri, dada yangu. Umeolewa mbali na kwenu. Dini ni mpya, desturi ni ngeni, na mumeo ni mtu anayeogopwa na nchi nzima. Hukuchagua wewe, walichagua wazee kwa ajili ya amani ya mipaka. Hapo ndipo Eleni alipoanzia.

Hatusemi kwamba ndoa za jumba lile zilikuwa mfano kwa Wakristo. Wafalme wa Ethiopia walioa wake zaidi ya mmoja, ingawa Kanisa la huko lilikataza, na wako watawa waliothubutu kuwakemea wakaadhibiwa. Eleni alikuwa mmoja wa wake hao. Tunaeleza mambo kama yalivyokuwa, ili tuone mwanamke huyu alifanya nini mahali alipowekwa.

NYUMBA YENYE JERAHA

Mfalme Zara Yaqob alikuwa mtu wa dini sana. Aliandika vitabu vya mafundisho, akamheshimu Bikira Maria na kuagiza sikukuu zake zishikwe kote nchini. Lakini nyumbani mwake alitawaliwa na shaka. Aliona njama kwa wake zake na kwa watoto wake mwenyewe. Mke wake mmoja, Tseyon Mogesa, alishtakiwa kwamba anataka mwanawe, Baeda Maryam, atwae kiti cha baba yake. Mfalme akaamuru apigwe, na mama yule akafa kwa sababu ya mapigo hayo. Kijana mwenyewe alitiwa kifungoni, na baadaye tu, watawa walipoingia kati, akapatana na baba yake.

Tusimame hapa kidogo, hasa sisi wanaume. Mtu aweza kuwa na rozari mkononi na kuheshimiwa parokiani, na huku nyumbani mkono uo huo ukawa wa kuumiza. Sala isiyofika jikoni na chumbani haijafika mbali.

Sasa angalieni nyumba ile ilivyobaki. Kijana hana mama, na aliyemwondolea mama ni baba yake. Eleni naye hana mtoto, wala hakupata kuzaa maisha yake yote. Katika jumba la mfalme, mwanamke asiye na mwana hakuwa na mtu wa kumtetea. Kwa hesabu ya watu, wote wawili walikuwa wamepungukiwa.

MAMA KWA KUCHAGUA

Zara Yaqob alifariki mwaka 1468, na Baeda Maryam, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akawa mfalme. Angeweza kuwafukuza wake wote wa baba yake, maana kila mmoja alimkumbusha machungu. Badala yake alimpandisha Eleni cheo, akawa Malkia wa Mkono wa Kuume, akamheshimu kama mama aliyemzaa.

Mwandishi wa habari za mfalme huyo alieleza sababu. Anasema Eleni alikuwa mwenye haki na imani imara, mtu wa sala na Komunyo Takatifu. Anasema pia alijua kupika vizuri, alijua vitabu, alijua sheria, na alielewa mambo ya utawala. Tazameni orodha hiyo, wapendwa. Jiko limo, vitabu vimo, Altare imo. Uzazi haumo. Mwandishi alimpima mwanamke huyu kwa yale aliyokuwa nayo, hakumpima kwa lile alilokosa.

Baeda Maryam hakuishi sana. Alifariki mwaka 1478, akaacha mtoto mdogo, Eskender, aliyetawala hadi alipouawa vitani mwaka 1494. Baada yake akaja mtoto mwingine aliyekaa miezi michache tu, kisha Naod hadi mwaka 1508. Wafalme walikuja na kuondoka, Eleni akabaki. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka tumboni mwake.

Naod alipofariki, mwanawe Lebna Dengel alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, umri wa mtoto anayekaribia kumaliza shule ya msingi. Eleni, ambaye sasa alikuwa bibi mzee, alisaidia kumweka kwenye kiti na kuangalia nchi kwa niaba yake. Wakati huo Wareno walikwisha kufika Malindi mwaka 1498 na merikebu zao zilizunguka katika bahari yetu. Mnamo mwaka 1509 Eleni alimwandikia mfalme wao, Manuel, barua ya kuomba urafiki. Aliituma kwa mkono wa Mateus, mfanyabiashara Mwarmenia, aliyefika Lisbon mwaka 1514. Wajumbe wa Ureno nao walitia nanga Massawa mwaka 1520. Zaidi ya hayo, Eleni alijenga kanisa huko Martula Maryam, katika nchi ya Gojjam, na mwandishi Mreno Damião de Góis alisimulia kwamba aliandika vitabu viwili vya dini.

Alifariki mwaka 1522. Padre Francisco Alvares, Mreno aliyekuwa nchini wakati huo, aliandika jinsi watu walivyomlilia. Wakubwa kwa wadogo walisema kwamba kifo chake ni kama kifo chao wote, kwa kuwa yeye alikuwa baba na mama wa kila mtu. Mwanamke ambaye wengi leo wangemwita tasa alizikwa na nchi nzima ikimwita mama.

TUJIFUNZE NINI?

1. Ndoa haipimwi kwa mimba. Wengine hufikiri kwamba ndoa isiyo na mtoto haijakamilika, au kwamba Kanisa laweza kuivunja. Sivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yasema wazi kwamba ugumba hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Nayo Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1654, yafundisha kwamba maisha ya wenye ndoa wasiojaliwa watoto yaweza kujaa maana, na kuzaa matunda ya upendo, ukarimu na sadaka. Watoto ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Basi, bwana, mtu akikuambia uongeze mke, anakuambia uvunje agano ulilolifunga mbele ya Mungu.

2. Beba lawama pamoja na mwenzio. Kwetu mara nyingi mwanamke ndiye wa kwanza kulaumiwa. Lakini kasoro yaweza kuwa kwa mume, yaweza kuwa kwa mke, au kwa wote wawili. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hukutana na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake. Kwa hiyo hamko peke yenu. Mkikaa mwaka mzima pamoja bila kupata mimba, nendeni kwa daktari, na nendeni wawili. Si haki mke azunguke hospitali peke yake, achomwe sindano na kulipa madeni, na huku mume amekataa hata kupimwa. Kanisa linakubali tiba inayolisaidia tendo la ndoa kuzaa tunda lake, bali halikubali njia zinazochukua nafasi ya tendo hilo. Msione haya kumwuliza padre wenu kabla ya kuamua.

3. Mume, simama mbele ya mkeo. Baeda Maryam alimpa Eleni heshima hadharani, na baraza lote likaiona. Vivyo hivyo mume asingoje warudi nyumbani usiku ndipo amfariji mkewe kwa siri. Mama yako akianza mafumbo mezani, jibu wewe, kwa adabu: "Mama, huyu ni mke wangu. Jambo hili ni letu wawili, tuombee." Neno moja la mume mbele ya mavyaa na mawifi lina uzito kuliko maneno mia chumbani. Ninyi mavyaa nanyi, mkumbuke kwamba mkaza mwana ni mtoto mliyepewa. Msimlize.

4. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Watu husema mama wa kambo si mama. Eleni aliyakanusha maneno hayo kwa maisha yake. Labda mumeo alikuja na mtoto kutoka ndoa ya kwanza, baada ya mkewe kufariki. Mtoto yule anakutazama kwa jicho la shaka, kwa maana anamkumbuka mama yake. Usimlazimishe kukuita mama. Mpikie, msikilize, msaidie masomo, na uache amkumbuke marehemu kwa uhuru. Jina la mama litakuja kwa wakati wake. Wengine Mungu anawaita kuasili mtoto. Njia hiyo ipo katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, nayo hupitia mahakamani, wala si siri ya kupeana watoto usiku. Wengine watalipa karo ya mtoto wa ndugu, au watakuwa wazazi wa ubatizo wanaokumbuka kweli wajibu wao.

5. Msifiche machozi. Hatutaki mtu afikiri kwamba kulea wa wengine kunafuta hamu ya kupata mtoto wako mwenyewe. Hana, mke wa Elkana, alilia hekaluni hadi kuhani akadhani amelewa. Mumewe alijaribu kumtuliza kwa kumwambia kwamba yeye ni bora kuliko wana wengi. Alimpenda, lakini yeye hakuwa jibu la machozi yale. Kuna nyakati mwenzio hahitaji kuelezwa lolote, anahitaji umshike mkono na kulia naye. Wala msimchukue mtoto wa ndugu kama dawa ya "kufungua tumbo". Mtoto achukuliwe kwa ajili yake mwenyewe.

NA NINYI MLIOJALIWA WATOTO

Somo hili ni lenu pia. Katika jumuiya ndogo ndogo, iwe Kangemi, Parklands au Westlands yenyewe, wapo wenzenu wanaobeba msalaba huu. Acheni swali la "lini tutakula uji?" Msiwaache nje ya sherehe za ubatizo mkidhani mnawahurumia. Waiteni, wapeni watoto wenu wawabebe. Na kama ninyi ni wazazi, jiulizeni pia kama mnalea, au mmezaa tu na kumwachia kazi hiyo msichana wa nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA WAWILI

Jioni moja wiki hii, zimeni televisheni na kuweka simu mbali. Ulizaneni polepole:

1. Ni neno gani kutoka kwa ndugu au rafiki lililomwumiza mwenzangu, nami nikanyamaza?
2. Kama mwandishi wa mfalme angeandika sifa za mwenzangu leo, angeandika nini? Nimemwambia mwenyewe sifa hizo lini mara ya mwisho?
3. Ni mtoto gani karibu nasi, wa damu yetu au la, anayehitaji mama na baba?

Kisha msali pamoja, kila mmoja akimwombea mwenzake kwa kumtaja jina. Mwenyezi Mungu, ambaye ubaba wote watoka kwake, aijaze nyumba yenu kwa namna anayoijua yeye. Amina.