Kabla Hujahamia Pwani: Mafunzo Niliyopata Baada ya Kustaafu

Mimi na mke wangu tulikuwa walimu Dodoma hadi tulipostaafu mwaka 2023. Kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022, mkupuo ulikuwa asilimia 33 ya mafao. Kilichobaki huingia kila mwezi. Hesabu hiyo ndiyo iliyotuongoza. Tuliitamani bahari, lakini tulihitaji mji ambamo pensheni yetu inafika mwisho wa mwezi. Tukaenda kuona Bagamoyo, Pangani, Tanga, Lindi na Mtwara, na hatimaye tukahamia Tanga.

1. Tazama kilicho nyuma ya mji kabla ya kutazama bahari

Upepo wa pwani haulipiwi popote. Pensheni huishia sokoni. Nyuma ya Tanga kuna milima ya Lushoto, ndiyo maana kabichi, karoti na viazi vinashuka mjini kila mara. Muheza inaleta machungwa, na maziwa yanasindikwa papo hapo Tanga. Lindi na Mtwara tulizipenda kwa utulivu wake, ila nguvu ya mashamba yao iko kwenye korosho na ufuta, na mazao hayo hayapikwi kama mboga. Bagamoyo ni jirani mno wa Dar es Salaam, na viwanja vyake vinaifuata Dar kwa bei.

Samaki nao wana majira yao. Kusi ikivuma kwa nguvu, mashua ndogo haziendi mbali, na pale soko la Deep Sea changu hupanda bei asubuhi hiyo hiyo. Mke wangu alifundishwa na akina mama wachuuzi: siku za namna hiyo chukua kibua au dagaa, changu msubiri upepo utulie. Siku hizi yeye hanunui samaki kwa kuangalia ukubwa. Anafunua matamvua kwa kidole, yakiwa mekundu na jicho linang'aa, ndipo anauliza bei ya fungu.

2. Panga kwanza, misimu ikupitie

Tulipanga vyumba viwili Makorora, tukakaa kaskazi, masika na kusi. Joto la Januari na Februari si mchezo kwa mtu wa presha aliyezoea usiku wa Dodoma. Masika ndiyo inayokuonyesha mtaa gani maji yanatuama na mtaa gani yanapita. Fungua bomba alfajiri, lifungue tena jioni. Tanga hunywa maji ya mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani. Kuna maeneo mengi ya pwani ambako kisima hutoa maji ya chumvi, na maji ya kununua kwa madumu humaliza pesa kimyakimya.

3. Nenda hospitali ukiwa mzima

Pangani ilitushika moyo kuliko mji mwingine wowote: mto, minazi, watu wapole. Lakini hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko Tanga, kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo. Ukiwa na miaka 60 hicho ni kipande kifupi. Ukifika 75, saa nane usiku, na mwenzako anashindwa kupumua, ni mbali. Ushauri wangu kwa kila mstaafu: nenda siku ya kliniki ya sukari na presha, kaa kwenye benchi na wazee wenzako, uulize kama dawa zinapatikana na kama kadi yako ya bima inapokelewa. Saa moja ya benchi itakuambia zaidi ya dalali yeyote.

4. Hesabu njia za kutokea

Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya kusini eneo la Somanga, Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar. Mwenye watoto Dar ayafikirie hayo.

5. Bahari inakula nyumba

Karibu na ufukwe, bati linatoboka mapema, kitasa kinaganda, na nondo zinapasua zege kutoka ndani. Fundi akikuletea mchanga wa baharini, mrudishe nao. Nyumba yetu iko ndani kidogo kutoka ufukweni. Kiwanja kilikuwa nafuu, na bahari tunaifikia kwa baiskeli, kama wenyeji wengi wa Tanga.

6. Jitambulishe kwa watu

Nenda kwa balozi na mwenyekiti wa mtaa, wajue jina lako. Kwenye msiba nenda hata kama humfahamu marehemu. Majirani ndio watakaokubeba kabla watoto hawajafika.

7. Ardhi usiinunue kwa maneno

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini viwanja vya humo bado vinauzwa kwa wageni. Ardhi ya kijiji, kwa sheria ya 1999, haigawiwi na mtu mmoja: halmashauri ya kijiji inahitaji kibali cha mkutano mkuu wa wanakijiji. Barua yenye muhuri wa mwenyekiti peke yake haitoshi.

Ndugu mstaafu, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya halmashauri ya jiji au wilaya, uwe na mwenzako wa ndoa, mkaombe kuonyeshwa kiwanja kwenye ramani ya mipango miji na jina la mmiliki kwenye kumbukumbu. Mpaka hapo, mafao yenu yabaki benki.