Somo la Robo Hii: Kuchapa Kutoka BBC Micro kwa Printa ya Leza ya Mtandao

Somo hili ni kwa wale wenye hesabu na orodha za miaka ya 1980 zilizobaki kwenye disketi za BBC Micro. Kompyuta hii ilitengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, kuanzia mwaka 1981, na ilienea sana katika shule za huko. Disketi huharibika kadiri miaka inavyopita, hivyo kazi hii isiahirishwe.

Kabla ya kuwasha mashine, fundi aangalie kapasita za kifaa chake cha umeme. Zile za zamani zinajulikana kwa kupasuka na kujaza moshi chumbani.

BBC Micro haiujui mtandao wa leo, kwa hiyo tunaiwekea mkalimani: kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Waya unatoka kwenye tundu la RS423, nyuma ya BBC Micro, hadi kigeuzi cha RS-232 kilichochomekwa kwenye USB ya mkalimani. Plagi ya tundu hilo ina pini tano na huweza kuingia kichwa chini. Kama hakuna herufi inayofika, igeuzeni kwanza kabla ya kulaumu waya.

Kwenye BBC Micro andikeni *FX5,2 ili uchapaji upite kwenye waya huo, kisha *FX8,7 kwa kasi ya 9600, na *FX6,0. Hiyo ya mwisho sisi tuliisahau, na mistari yote ikachapwa juu ya mstari mmoja mpaka ukawa mweusi! Sababu ni kwamba mashine hii, isipoambiwa, haitumi amri ya kushuka mstari. Baada ya hapo VDU2 hufungua uchapaji, *TYPE na jina la faili hutuma maandishi, VDU1,12 huitoa karatasi ya mwisho, na VDU3 hufunga.

Mkalimani naye apokee kwa kasi hiyo hiyo ya 9600, ahifadhi kila kitu kwenye faili, ndipo atume faili hilo kwa anwani ya printa, mlango namba 9100. Tunasisitiza kuhifadhi kwanza. Karatasi ikikwama mtachapa tena kutoka kwenye faili, lakini disketi chakavu huenda isisomeke mara ya pili.

Kuhusu printa, kuweni waangalifu kabla kamati haijaidhinisha malipo. Nyingi za bei nafuu hutegemea kompyuta izichoree ukurasa mzima. Zikiletewa herufi tupu, hazichapi kitu. Mwulizeni muuzaji kama inaelewa PCL, na kama inapokea kazi kwa mlango 9100.

Jambo la mwisho linawagusa watunza hazina. Ndani ya BBC Micro alama ya pauni ni namba 96, lakini printa huisoma namba hiyo kuwa kialama kidogo kilicholala, mfano wa mkwaruzo. Kiasi cha fedha kitatoka sahihi, ila mkaguzi hatajua ni pauni, idadi ya watu au magunia. Badilisheni alama hiyo kwenye nakala ya faili, mkiacha faili la asili kama lilivyopokelewa, kisha linganisheni jumla za karatasi na zile za kwenye skrini ya BBC Micro kabla ya kuizima.