Mzee Anaposahau Njia ya Nyumbani

Labda umemwona mama mzee aliyetoka asubuhi kwenda sokoni hapa Bunia, akakutwa jioni amekaa kando ya njia, hajui tena nyumba yake iko wapi. Anamwita mjukuu wake kwa jina la ndugu aliyekufa zamani. Anakula, na baada ya kitambo anasema, "Leo hamkunipa chakula." Majirani wengine wanacheka. Wengine wanasema kwamba mzee anayetembea usiku ni mlozi. Maneno hayo yanaweza kumwua mtu.

Mimi nami, nilipoanza kazi ya uuguzi, niliwaambia jamaa, "Ni uzee tu." Nilikosea. Ni ugonjwa wa ubongo. Aina yake inayoonekana zaidi huitwa Alzheimer, kwa jina la mganga wa Ujerumani aliyeueleza mbele ya waganga wenzake mwaka 1906.

Utauliza, wamejuaje kwamba si uzee tu? Ugonjwa huu huja polepole, kama mchwa ndani ya nguzo. Ukimpima mtu siku moja, huwezi kuona mwendo wake. Ni lazima kumfuata miaka mingi. Kazi ya namna hiyo ilianza mwaka 1992 katika mji wa Ibadan, Nigeria. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba, wakazungumza na wazee wapata 2,500 wa miaka 65 na zaidi, na jamaa zao pia. Hawakuwajaribia dawa, waliangalia tu. Baada ya miaka miwili walirudi, na baada ya mitano tena. Kazi ile ile ilifanywa kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis. Katika wazee 1,000 waliokuwa na akili timamu, kila mwaka 11 au 12 walipata Alzheimer huko Ibadan. Huko Indianapolis walikuwa 25. Fikiri jambo hilo. Kama ni uzee tu, mbona wengi hivyo walizeeka na akili zao?

Karibu nasi zaidi, katika wilaya ya Hai chini ya mlima Kilimanjaro, wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walipimwa mwaka 2009 na 2010. Wapata 6 katika 100 walikuwa na ugonjwa wa kupotewa na akili, wa Alzheimer au wa aina nyingine. Baadaye kilitengenezwa huko kipimo kisichohitaji kalamu: mzee anaulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani, kisha anapanga vijiti vya kibiriti kama alivyoonyeshwa. Nakipenda, maana hakimwaibishi asiyesoma.

Basi, mzee akichanganyikiwa ghafula, kwa siku moja au mbili, mlete hospitali upesi. Labda ni malaria au ugonjwa mwingine unaopona. Kama kusahau kumeongezeka mwezi kwa mwezi, njoo naye pamoja na mtu wa nyumbani anayejua kulianza lini. Tutapima shinikizo la damu pia, kwa sababu likipanda miaka mingi huharibu ubongo. Dawa ya kuuponya Alzheimer haijapatikana.

Nyumbani, usibishane naye. Mpe chakula saa ile ile, wala usihamishe kitanda chake. Wazee waliokimbia vita vijijini wakaja Bunia wana shida zaidi, kwa kuwa nyumba ni mpya na njia ni mpya. Angalia moto na kisima. Akitoka, mtoto mmoja amfuate nyuma bila kumkemea.